Chura wa sumu na dome: nani anajua kujilinda zaidi?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayekaanga pweza na ngisi pale Feri, nalifupisha: mwanae wa kidato cha pili kaona video ya vile vyura vidogo vya rangi kali vya Amerika Kusini, wanasema kimoja tu kinaua watu kumi, yeye akamjibu mbona dome, hawa ndugu wa ngisi na pweza ninaowatengeneza kila siku, ni wajanja kuliko hao, wanabadilika rangi hata wakiwa wamekufa, basi ubishi ukawa mkubwa. Anauliza nani kiboko, kwanini mmoja anajitangaza na mwenzie anajificha, dome hana sumu kweli, na vyura wa huku kwetu je?

Jibu:

Dada, hapo kwenye dome wako aliyekufa umeshagusa nusu ya jibu, tuanzie hapo hapo. Siku ukipata dome aliyetoka majini muda si mrefu, kabla hujamchuna washa kamera ya simu uvute karibu kabisa kwenye ngozi ya mgongoni. Utaona vidoti, vya njano, vya rangi ya kutu, vya kahawia iliyokolea, vinafunguka na kufumba, kimoja huku kingine kule, havina mpangilio wowote. Kila kidoti ni kifuko cha rangi kinachonyumbulika, na kimezungukwa na misuli midogo sana iliyokishika pande zote. Misuli ikivuta kifuko kinatanuka na rangi inaonekana, ikilegea kinajikunja kinabaki kinukta ambacho kwa macho hata hukioni. Sasa utamu upo hapa: ile misuli imeungwa na neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Kwahiyo unachokiona kwa dome aliyekufa ni neva na misuli ambayo bado haijazima, inashtukashtuka bila mkubwa wa kuiongoza. Baadae kila kitu kinalegea, vifuko vinajikunja, na ndo maana dome aliyelala kwenye barafu ni mweupe tu.

Huyo ni maiti. Akiwa hai ana vidoti kwa mamilioni na ubongo unavipanga anavyotaka yeye. Akitua kwenye mchanga anakuwa mchanga chini ya sekunde moja, akihamia kwenye mawe ya matumbawe anatoa mabaka meupe na meusi yanayokatakata umbo lake hadi jicho lishindwe kujua kichwa kiko wapi, na ngozi yenyewe anaiinua vinundu vinundu ilingane na mwani ulio jirani. Chini ya vidoti kuna tabaka jingine linalorudisha mwanga, ndo linatoa ule mng'ao wa kijani na bluu, na chini yake tena kuna la weupe. Dome mkubwa wa bahari yetu hii ya Hindi, Sepia pharaonis, anaweza kufika urefu wa sentimita 40 bila kuhesabu minyiri, na mwili wote huo anaugeuza anavyotaka.

Halafu kuna jambo ambalo watu huwa wananikatalia nikiwaambia. Dome haoni rangi. Macho yake yana aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, sisi tunazo tatu za rangi, yeye anaona mwangaza na giza basi. Watafiti waliwahi kumweka juu ya vigae vya bluu na njano vilivyochaguliwa viwe na mwangaza unaolingana kwa jicho lake, sisi tungeona drafti kabisa, yeye akatulia na rangi moja mwili mzima maana kwake ile ilikuwa sakafu moja isiyo na michoro. Anafananaje na mazingira basi? Sehemu kubwa ni kwamba anakopi mwangaza, ukubwa wa mabaka na ukali wa mistari, na baharini rangi nyingi za chini ni za familia hiyo hiyo ya kahawia na njano alizonazo mwilini, kwahiyo inatoka vizuri. Pia anaona mwelekeo ambao mwanga unatetema, kitu ambacho sisi hatuoni kabisa, na kinamsaidia kumgundua kamba au samaki mwenye mwili wa kioo ambaye mimi na wewe tungempita.

Na siyo kujificha tu, anachagua. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba dome wadogo wakikutana na samaki anayewinda kwa macho wanajipanua na kutoa madoa mawili meusi makubwa mgongoni, kumtisha, lakini akija papa mdogo au kaa, ambao wanawinda zaidi kwa harufu, hawahangaiki na madoa, wanakimbia. Yani anajua nani wa kumtisha na nani wa kumkimbia. Kwa papa kuna mbinu nyingine, maana papa anahisi umeme mdogo sana unaovuja kwenye mwili wa kiumbe hai. Mwaka 2015 huko Marekani dome walionyeshwa kwenye skrini kivuli cha samaki mkubwa anakuja, wakaganda, wakapunguza kupumua, wakaziba matundu ya mwili kwa minyiri, na umeme uliokuwa unavuja ukapungua. Mnyama ambaye ndugu zake wa ukoo ni konokono na chaza huyo.

Tuje kwa chura wa mwanao. Huyo anayesemwa anaua watu kumi ni Phyllobates terribilis, anaishi kwenye msitu wa mvua upande wa Pasifiki wa Colombia, wa njano tupu, urefu wake ni kama sentimita 5, na kisayansi alitambulishwa mwaka 1978 na Charles Myers, John Daly na Borys Malkin. Ile kumi ni hesabu ya makadirio kutokana na kiasi cha sumu kilichopo kwenye ngozi, karibu miligramu moja, siyo kwamba kuna watu kumi walipangwa mstari. Sumu yenyewe inaitwa batrakotoksini. Kwenye neva na misuli yetu kuna vijilango vya kupitisha sodiamu, vinafunguka na kufunga haraka haraka na hivyo ndo taarifa zinasafiri na moyo unapiga. Hii sumu inaenda kuvishikilia viwe wazi moja kwa moja, moyo unapoteza mpangilio. Wenyeji wa kule, Waembera, walikuwa wanasugua ncha ya kishale mgongoni kwa chura akiwa hai, wanamwachia aende zake, halafu kishale kinapulizwa kwa bomba refu kuwindia.

Ila mwambie asizidishe chumvi. Ukoo wa hawa vyura una aina zaidi ya 150, na zinazojulikana kutumika kwenye vishale ni tatu. Wengi waliobaki sumu yao ni ya kumfanya ndege ateme na ajute, na wapo wengi tu hawana sumu ya maana, wana rangi ya majani makavu na wanajificha kama chura mwingine yeyote.

Sasa kwanini ajitangaze? Ukipita Mbezi au Tegeta unaona kwenye mageti kibao "mbwa mkali", mwenye nyumba hataki mwizi ang'atwe, anataka asiruke ukuta kabisa. Rangi ya chura ni hicho kibao. Sumu peke yake haitoshi maana chura akishatafunwa amekufa hata kama aliyemtafuna nae atakufa, na ndege aliyekufa hakumbuki kitu wala hawezi kuwaacha vyura wengine kesho. Kinachomfaa chura ni ndege aonje, apate uchungu, ateme, na aikumbuke ile rangi maisha yake yote. Ndo maana rangi lazima iwe kali na isibadilike. Anayebadilika rangi kila dakika atakumbukwaje?

Hili limepimwa kwa njia rahisi hadi mwanao anaweza kuielewa. Watafiti wametengeneza vyura wa plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, wakawapaka rangi na kuwasambaza msituni, wakarudi baada ya muda kuhesabu alama za midomo ya ndege kwenye udongo. Huko Guyana ya Wafaransa waliweka vyura wenye rangi ya eneo lile pamoja na wenye rangi kali lakini ngeni, ndege wakawashambulia zaidi wale wageni. Rangi kali tu haikumlinda, kilichomlinda ni ndege wa mtaa ule kuwa wanaifahamu.

Na kuna jambo lililonifurahisha zaidi, la mwaka 2018, watafiti wa Bristol Uingereza walimchunguza chura mmoja wa ukoo huu mwenye njano, bluu na nyeusi. Ukimsogelea anakupigia kelele kwa rangi, lakini ukirudi nyuma kidogo zile rangi zinachanganyika kwenye jicho na kuwa sawa na majani ya chini ya msitu, haonekani. Kwahiyo hata huyu mtangazaji anajificha kwa mbali, anajitangaza pale tu ambapo umeshamfikia. Unaona sasa, ule mpaka mliokuwa mnabishania wewe na mwanao siyo ukuta kivile.

Lakini tofauti kubwa kabisa siyo rangi, ni sumu inatoka wapi. Chura yule hatengenezi sumu yake. Anaila. Anakula sisimizi, utitiri, mbawakawa wadogo na wadudu wengine wa kwenye majani yaliyooza, ambao wana kemikali chungu, na badala ya mwili wake kuzivunja na kuzitupa unazihamisha kwenye tezi za ngozi. Mkimleta hapa Mbagala mkamlea yai mpaka ukubwani kwa nzi wa matunda na nyenje atakuwa mzuri wa macho tu, hana sumu. Hilo limethibitishwa kwa vyura waliozaliwa kwenye vizimba, ngozi zao hazina kitu, halafu ukiwanyunyizia hizo kemikali kwenye chakula wanaanza kuziweka akiba. Aliyekamatwa msituni akiwa mkubwa anaweza kukaa na sumu yake miaka kadhaa, huyo usimzoee.

Na wala usidhani ni mambo ya Amerika tu. Hapo Madagascar kuna vyura wadogo wa rangi kali wanaitwa Mantella, hawana undugu wa karibu na wale, lakini nao wamefikia njia hiyo hiyo ya kula wadudu wenye kemikali na kuzihamishia kwenye ngozi. Bahari moja na sisi.

Anavyokula sumu bila kujidhuru bado ni ubishi wa wataalamu, wapo wanaosema vile vijilango vya neva zake vimebadilika kidogo sumu isishike, na wapo ambao mwaka 2021 walivipima wakakuta vinashika vizuri tu, wakasema lazima mwilini kuna protini inayoifyonza sumu kabla haijafika. Mimi naelemea huko kwa protini. Tuendelee.

Kwahiyo ulinzi wa chura upo nje yake, upo kwenye chakula anachookota na kwenye kumbukumbu za maadui zake. Ukimhamisha msitu unakuwa umemnyang'anya vyote viwili kwa mpigo. Dome ulinzi wake wote upo kichwani, na anazaliwa nao, kitoto kikitoka kwenye yai tu kinajua kujibadilisha. Wengine wanaanza masomo kabla hata ya kutoka, mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa waliweka kaa wadogo karibu na mayai ya dome, ambayo yakikaribia kuanguliwa ganda lake linapitisha mwanga, na vitoto vilipotoka vikapendelea kaa kuliko chakula ambacho kawaida dome wachanga wanakipenda. Vilikuwa vinachungulia.

Ila akili ina bili yake. Kugeuza rangi siyo bure, mwaka 2024 ilipimwa kwa pweza mmoja mdogo wa Pasifiki, ambaye ngozi yake inaendeshwa kwa mtindo uleule, ikaonekana kujipaka rangi kamili kunakula nguvu inayokaribia ile ambayo mwili mzima unatumia akiwa ametulia. Hebu ona, yani kila adui akipita unalipa upya. Chura keshalipia wakati anakula, basi mchana kweupe anatembea, anaimba, anagombania eneo, hana presha. Na maisha yanafuata mkondo huo huo. Chura anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi akitunzwa, anazaa kidogo na analea: wapo ambao mama anambeba kiluwiluwi mgongoni anapanda nae mtini, anamweka kwenye kidimbwi cha maji kilicho katikati ya majani ya mmea wa ukoo wa nanasi, halafu anarudi kumlisha mayai yasiyorutubishwa, na mayai hayo yamebeba sumu kidogo, yani mtoto anarithishwa ulinzi kwenye chakula. Dome anaishi mwaka mmoja au miwili, anataga, anakufa, watoto hawamjui.

Mmeniuliza nani kiboko. Kwa ufundi nampa dome, sibabaiki. Jamaa ana mioyo mitatu, damu ya bluu, na kwenye majaribio ya 2021 wapo waliovumilia hadi sekunde 130 bila kugusa chakula cha kawaida wakisubiri kile wanachokipenda zaidi, watoto wetu wangapi wanaweza. Na madume wa aina moja ya Australia wanapaka upande mmoja wa mwili rangi za kutongozea ambazo jike anaziona, na upande wa pili, ule unaotazamwa na dume mwenzie, wanapaka mwonekano wa jike ili mwenzie asishtuke. Lakini kwa matokeo, kwa maana ya nani anaishi kwa amani, chura. Nyoka wanaoimudu sumu wapo lakini wachache. Dome kila mtu anamtaka, papa, chewa, pomboo, na wewe hapo na karai lako, wala wavu na dema havina macho ya kudanganywa.

Kuhusu sumu ya dome, uza bila wasiwasi. Kwenye mate yake kuna kemikali za kumlegezea kaa anapomng'ata, hizo zinatoka na vitu vya ndani unavyotupa, nyama haina tatizo. Wino nao ni rangi tu na ute, unaliwa, wengine wanapikia. Ila usichanganye na binamu yake, yule pweza mdogo mwenye pete za bluu zinazowaka, huyo anaua, na sumu yake ni ileile ya samaki bunju ambaye wazee wa pwani wanamkataza kila mtu. Cha ajabu inafanya kinyume kabisa cha ile ya chura wa njano, yenyewe inaziba vile vijilango vya sodiamu visifunguke, mtu anapooza akili ikiwa timamu hadi kupumua kunashindikana. Moja inafungua moja inaziba, mwisho wake mmoja. Na kupika hakuiondoi, kwahiyo bunju ni wa kutupa, siyo wa kujaribu na ndimu.

Halafu kitu cha kukuchekesha kidogo, huko kusini mwa Australia pomboo jike alionekana akimuua dome mkubwa, akampigapiga na mdomo hadi wino ukatoka wote, kisha akamburuza kwenye mchanga ngozi ikachanika na ule mfupa mweupe ukachomoka, ndo akala. Kazi yako ileile, hana kisu tu.

Vyura wa huku. Huyu mnene mwenye ngozi ya mabonde anayekaa chini ya simtanki na kula mende usiku ana sumu, ipo kwenye ile mivimbe miwili nyuma ya macho, maji meupe mazito, na tofauti na yule maarufu wa Colombia huyu anaitengeneza mwenyewe mwilini, haombi kwa sisimizi. Inaenda kwenye moyo, ndo maana mbwa akimng'ata anatoa povu na anaweza kufa. Mtu akimshika hafanywi kitu, anawe mikono tu asijipanguse macho, na zile habari za kuota chunjua kwa kushika chura siyo kweli, chunjua zinaletwa na virusi vya binadamu.

Kama mwanao anataka wa rangi kali wa nyumbani yupo pia, mweusi unaong'aa una mistari na madoa mekundu, anaonekana kipindi cha mvua, na badala ya kurukaruka anatembea. Ute wake unavimbisha na kuuma, hasa ukiingia kwenye mchubuko, kwahiyo ampige picha amwache. Na asije akamweka kopo moja na vyura wengine ili kuwalinganisha, atawakuta wenzake wamekufa.